Tunafuga Maji

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na mchana mume wangu akaingia na sanduku la kioo, yeye mbele, wabebaji wawili nyuma. Wakaliweka wapi? Dirishani. Pale pale penye meza yangu ya kukatia nguo. Mimi nilikuwa sokoni kununua uzi. Niliporudi niliikuta meza imesimamishwa kwa ubavu koridoni kama mgeni aliyekosa kukaribishwa.

"Nitafuga samaki wa baharini," akasema. "Na matumbawe. Hapa sebuleni."

Nikamkumbusha kwamba bahari iko mbali nasi. Akanijibu kuwa bahari ataitengeneza mwenyewe, chumvi yake inauzwa kwa ndoo.

Nieleze vizuri nisije nikaonekana mke mkorofi. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia sebuleni, na mwanga wa dirisha lile ndio macho yangu. Yeye amesoma mita za maji za mji huu kwa miaka thelathini na moja, nyumba kwa nyumba, mpaka mtaa mzima ukamwita Bwana Mita. Amestaafu Desemba. Tangu hapo anaamka alfajiri, anavaa viatu, anakaa kitini. Anakaa tu. Wiki iliyopita nilimkuta nje anasoma mita yetu wenyewe, mara ya tatu siku hiyo. Nilirudi jikoni nikalia kidogo, kisha nikaendelea kupika.

Kwa hiyo leo sikupiga kelele kama nilivyokusudia. Tumekubaliana apewe masika haya tu. Mvua zikikatika, kama humo ndani hakuna viumbe hai wenye afya, sanduku litoke na meza yangu irudi dirishani. Tumepeana mikono.

Daftari hili ni mojawapo ya yale aliyobaki nayo kutoka kazini. Kila ukurasa una safu mbili: Usomaji Uliopita na Usomaji wa Sasa. Mimi naandika juu yake bila kujali safu. Lazima katika nyumba hii awepo mtu wa kuandika ukweli.

3 Machi

Nimekatia gauni sakafuni. Magoti yangu yanamlaani mtu.

6 Machi

Leo imetengenezwa bahari. Ameichanganya kwenye pipa la plastiki, na mwiko aliokorogea ni wangu, ule mrefu. Nimeusamehe, nitanunua mwingine.

Wifi yangu akaja. Huyu ni dada yake mkubwa, anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, na neno hodi huwa analitamka akiwa tayari ameketi. Akachovya kidole kwenye pipa, akaonja.

"Chumvi imezidi."

"Ni bahari, dada."

"Hata bahari ina kiasi chake, mdogo wangu."

Basi mume akatoa kipimo cha chumvi, kijidude kama darubini ya mtoto. Unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia. Alisimama dirishani jicho moja limefumba, mgongo umenyooka. Tangu Desemba sijauona mgongo ule umenyooka.

"Thelathini na tano!" akatangaza. "Thelathini na tano!"

Kisha akanitazama, akisubiri. Nikakumbuka. Kazini walikuwa wawili wawili: mmoja anasoma, mwenzake anarudia ndipo anaandika, namba isije ikapotea njiani. Mimi nilikuwa na pini sita mdomoni.

"Fefafini na fano," nikasema.

Alifurahi kana kwamba nimemwimbia.

15 Machi

Mchanga na mawe vimeingia. Maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Mume haongei na mtu.

16 Machi

Bado meupe.

21 Machi

Mwalimu amekuja kupima gauni lake la sherehe ya shule. Ni mteja wangu wa miaka mingi, hodari wa kusimama wima bila kuchoka, lakini leo alikuwa akigeukageuka.

"Fundi, mnafuga nini humo? Sioni kitu."

"Maji," nikamwambia. "Tunafuga maji."

Alicheka mpaka pini moja ikamchoma. Lakini ndiyo hali halisi. Mapezi, yule muuza samaki wa mapambo aliyemwingiza mume wangu katika haya, anasema maji lazima yaive kwanza. Eti kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo vinapaswa kuzaliana kwenye mawe ili viule uchafu. Ukitia samaki leo, atakufa kwa kinyesi chake mwenyewe. Na ili vijidudu vipate chakula, mume amechukua jikoni kwangu kipande cha samaki wa mchuzi, akakitumbukiza kioze. Miaka yote nimepika, sijawahi kuona chakula kinaozeshwa kwa makusudi na mtu akashukuru.

29 Machi

Kicheko cha mwezi. Kila asubuhi maji hupungua kidogo, na kila asubuhi mume alikuwa akijazia kwa maji ya chumvi kutoka pipani. Leo kipimo kimemwambia thelathini na tisa. Akakifuta, akasoma tena. Thelathini na tisa. Akasema kipimo kimeharibika. Tukampigia Mapezi.

"Mzee, yanayopaa hewani ni maji. Chumvi haina mabawa, inabaki pale pale. Jazia maji matamu."

"Basi kipimo ni kizima?"

"Kizima kabisa. Kinasema kweli, ila hukukisikiliza."

Nimemtania mchana kutwa. Nimemwambia alisoma mita za mji mzima, ya kwake ikampita. Alicheka mara ya kwanza na ya pili. Ya tano hakucheka, nami nilimwona lakini sikuacha.

4 Aprili

Mawe yameota utelezi wa rangi ya kahawia, na mchanga pia. Wifi akasema, "Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge, lakini haya siyaogi." Mapezi anasema ni dalili njema. Kwa Mapezi kila balaa ni dalili njema.

9 Aprili

Maji yameiva! Mume ameyapima kwa vichupa vyake, sumu imeshuka hadi sifuri. Wameingia konokono wanane kula ule utelezi. Wanakula polepole lakini hawapumziki. Nimewatazama nusu saa, cherehani imenyamaza. Nilikuwa nasubiri pasi ipate moto.

14 Aprili

Samaki wawili, rangi ya chungwa, mistari myeupe iliyokatwa sawasawa hata mimi siwezi kuikata hivyo. Jike ni mkubwa kuliko dume na anampeleka anavyotaka. Mume amesema, "Nawafahamu watu wa namna hii."

17 Aprili

Leo Mapezi ameleta vitu viwili na vyote nimevipenda, naandika hapa asije akasikia.

Cha kwanza ni tumbawe dogo juu ya kipande cha jiwe. Kumbe tumbawe ni viumbe vingi vimekaa pamoja, kila kimoja duara, kijani katikati, na vinywele pembeni. Ukizima taa vinafumba, ukiwasha vinafumbua. Ni vifungo kabisa, vifungo vya koti la mtu tajiri. Mapezi alituonya tusivishike kwa mkono mtupu. Nimevihesabu: ishirini na vinne. Dazeni mbili kamili, kama vinavyouzwa dukani.

Cha pili ni kamba mmoja mwekundu, mstari mweupe mgongoni, masharubu marefu. Kazi yake ni kuwasafisha samaki. Samaki mkubwa anakuja, anasimama kimya, kamba anampitia mwili mzima kwa vimikono vyake, huku anatoa, huku anapapasa. Mteja na fundi wake. Nimemwita Fundi.

20 Aprili

Mapezi ameagiza tutie mkaa maalumu wa kusafishia maji, punje ndogo nyeusi, ndani ya mfuko wa kitambaa. Mume alitaka kuukata mguu wa soksi yake. Nikamwambia bahari iliyomo ndani ya nyumba yangu haitavaa soksi ya mtu. Nimeshona mfuko mzuri wa wavu mnene, nikaujaza punje, nikaufunga mdomo kwa mkono, mishono midogo ya kurudia isije ikaachia. Ameupeleka kwenye chumba cha nyuma cha sanduku, maji yanakopita. Alinishukuru mara mbili.

21 Aprili

Kastabini yangu haionekani. Ni kile kikofia cha shaba ninachovaa kidoleni nikishona kwa mkono, aliyenipa ni mwalimu wangu wa ushonaji. Wifi alikaa karibu na kisanduku cha sindano jana mchana kutwa. Sisemi kitu.

24 Aprili

Kastabini hakuna. Wifi amekuja na mkoba mkubwa. Sisemi kitu.

26 Aprili

Siku ya leo nitaikumbuka. Saa saba mchana mvua iliyokuja na radi ilikata umeme mtaa mzima. Pampu ikanyamaza. Sikujua kuwa nimeuzoea mlio wake mpaka nilipoukosa. Mume akaeleza haraka: pampu isipozungusha maji, hewa inaisha humo, na wote watakufa kwa kukosa pumzi.

Akachukua jagi. Akachota, akainua, akamwaga kutoka juu ili maji yabebe hewa. Akachota, akainua, akamwaga. Baada ya nusu saa mkono ulikuwa unamtetemeka. Nikamnyang'anya jagi. Mimi mkono wangu wa kulia umezungusha cherehani tangu usichana, haushindwi na jagi. Mwalimu alikuwa amekuja kujaribu gauni, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado, naye akashika zamu. Wifi alikaa kitini akituhesabia majagi na kutukosoa. Tulimwaga maji juu ya maji kwa saa nne. Sakafu ilielea.

Umeme uliporudi tulipiga makofi. Mume akakimbilia kipimo.

"Thelathini na tano!"

"Thelathini na tano!" tukaitika wote, hata Wifi.

Nikiwa nadeki ndipo nilipogundua kwamba kwa saa nne sikuikumbuka meza yangu hata mara moja.

3 Mei

Vifungo vilivyofumbuka: kumi na tisa. Labda vingine vimelala.

7 Mei

Kumi na kimoja. Konokono wawili wameanguka kutoka kwenye kioo na hawakuamka. Mume amepima kila kitu anachoweza kupima. Chumvi thelathini na tano. Joto sawa. Sumu za mwanzo sifuri. Amesoma mara nne, na kila mara anatangaza kwa sauti ndogo zaidi.

Nikamwambia, "Labda unasoma vibaya kama ule mwezi wa tatu."

9 Mei

Saba. Konokono wengine watatu. Mvua haikatiki.

11 Mei

Vifungo vitatu.

Asubuhi Fundi alikuwa amelala ubavu mchangani, vimikono vinasogea kidogo tu. Mume alimchota kwa bakuli, akamweka kwenye ndoo ya maji mapya ya chumvi aliyochanganya jana, na kipulizia hewa kidogo. Alikaa sakafuni kando ya ndoo. Baadaye Fundi alisimama. Mume hakusimama.

Mchana alikuja nikiwa cherehanini.

"Rudisha meza yako dirishani, mke wangu. Mvua zisisubiriwe. Nimesoma mita za watu maisha yangu yote, ya kwangu imenishinda. Ulisema kweli."

Miezi miwili nimekuwa nikiyataka maneno hayo. Leo nimeyapata, na meza nimeiacha koridoni. Jioni amekaa kitini amevaa viatu.

12 Mei

Niandike pole pole.

Nilimwita Mapezi mwenyewe, bila kumwambia mume. Amekuja saa nne asubuhi na kichupa kimoja ambacho sisi hatukuwa nacho. Akadondosha matone kwenye maji yetu, akatikisa, rangi ikageuka.

"Mzee, humu mna shaba."

"Shaba?"

"Samaki huivumilia. Lakini kamba, konokono na matumbawe, kwao ni sumu, hata chembe. Imetoka wapi? Waya? Sarafu? Bomba?"

Mume alisimama. Uso wake ulikuwa umeshajibu.

"Koki ya jikoni," akasema. "Ni ya shaba. Maji yote nimeyachota pale."

Mapezi akasema koki peke yake ana shaka nayo, lakini mume alikuwa ameshakwenda kutafuta spana. Wifi alikuwa amekaa kama kawaida yake, anakula mkate wetu.

"Mnahangaika na mabomba," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Hakuwa na maana yoyote. Methali hiyo anaisema juu ya kila mtu na kila jambo. Hata panya walipomtobolea gunia aliisema juu ya paka. Lakini mimi ni fundi wa nguo, na neno nguo halinipiti hivi hivi. Nguo. Katika sanduku lile kuna kitambaa kimoja tu, na aliyekishona ni mimi.

Nikaenda nyuma ya sanduku, nikauvuta ule mfuko wa mkaa, nikauminya. Vidole vyangu vinatambua kifungo kupitia vitambaa vitatu. Katikati ya punje kulikuwa na kitu kigumu, kitupu ndani, duara kama kofia. Nikachukua mkasi, nikakata mishono yangu mizuri ya kurudia. Kastabini ilidondoka kiganjani, imeota ukijani. Ilikuwa imenichomoka kidoleni wakati nafunga mdomo wa mfuko, nami nikaishonea ndani kwa ustadi mkubwa.

Kutoka jikoni nilisikia spana ikigonga, na mume akimwambia Mapezi, "Kazi ya maji miaka thelathini na moja, na koki yangu mwenyewe sikuifikiria. Uzee huu."

Sasa ukweli, maana ndiyo kazi ya daftari hili. Niliitia kastabini mfukoni mwa aproni. Hakuna aliyeniona. Mfuko ungetupwa, shaba ingekoma, lawama ingebaki kwa koki, na meza ingerudi dirishani kwa mikono yake mwenyewe. Nilisimama na wazo hilo kwa muda wa kutunga uzi sindanoni. Macho yangu siku hizi si mazuri, kwa hiyo si muda mfupi.

Kisha nikaenda jikoni.

"Acha koki, mzee. Koki haina kosa." Nikafungua kiganja. "Ilikuwa kwenye mfuko. Nimeishonea mimi."

Akaichukua. Akaigeuza. Akaijaribu kwenye kidole chake kidogo. Nikajikaza, nikisubiri anirudishie kila neno nililomwambia tangu Machi, na nimemwambia mengi. Nyani haoni kundule.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "chumvi ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Na joto? Na zile sumu?"

"Vyote vilikuwa sawa. Hukukosea kusoma hata siku moja. Aliyetia sumu ni mimi."

Akaketi sakafuni katikati ya spana zake na kuanza kucheka. Alicheka mpaka Mapezi akacheka bila kujua sababu. "Dada!" akapaza sauti kuelekea sebuleni. "Sikukosea kusoma! Thelathini na tano ilikuwa thelathini na tano!" Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, nimeketi naye kwenye maji ya koki. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya vifungo, konokono, na ule utani wa mara ya tano. Akasema wa tano ulikuwa mbaya kweli.

Wifi akatokea mlangoni na mkate wake.

"Na mimi je? Wiki tatu unaukagua mkoba wangu kwa macho kila nikiaga. Ulidhani sioni?"

Nikasimama nikamwomba radhi. Amekubali, kwa sharti la gauni moja lenye mifuko.

13 Mei

Mume amebadilisha robo ya maji, na Mapezi ameleta sifongo la kunyonya shaba. Mfuko mpya nimeushona chini ya ulinzi: wote watatu wameupapasa kabla haujaingia.

20 Mei

Vifungo tisa. Kichupa cha shaba hakigeuki tena rangi.

26 Mei

Kumi na saba. Fundi ametoka ndooni, amerudi nyumbani. Yule samaki jike alikuja moja kwa moja akasimama mbele yake, siku kumi na tano hajahudumiwa.

30 Mei

Jua. Nguo zote zimekauka.

2 Juni

Ishirini na vinne! Dazeni mbili. Mwalimu amekuja kuonyesha picha za sherehe, gauni limependeza, lakini swali lake la kwanza lilikuwa juu ya Fundi. Nikamwambia hajambo, nami pia sijambo.

8 Juni

Siku ya kumi bila mvua. Masika yamekwisha.

Asubuhi nilisikia kitu kinaburutwa koridoni. Mume alikuwa anaileta meza yangu bila kuambiwa, futi yangu shingoni. Akapima, akakuna kichwa, akapima tena. Sanduku halihami, lina uzito wa watu watatu. Basi akaigeuza meza, upande wake mfupi ukagusa kioo, urefu ukaingia chumbani. Imetosha. Kiti chake, kile cha kukaa tu, ndicho kilichokosa nafasi, akakipeleka koridoni mwenyewe.

Dirisha sasa ni la watatu: mimi, yeye na bahari. Mwanga ukipita majini unachezacheza juu ya kitambaa na kunipotezea mstari wa chaki. Sijamwambia.

Halafu akatoa mfukoni kastabini mpya, ya plastiki, rangi ya waridi. "Hii hata ikitumbukia, mita haitashtuka." Ile ya shaba ameitundika ukutani kwa msumari, mbali na maji.

Akanipa kipimo. "Leo soma wewe."

Nikadondosha tone, nikaelekea dirishani, nikafumba jicho.

"Thelathini na tano!"

"Thelathini na tano," akarudia. "Na vifungo?"

Nikainama kwenye kioo, nikahesabu. Nikahesabu tena, kwa kidole, kimoja kimoja. Pembeni kabisa mwa jiwe kulikuwa na kidogo kama kichwa cha pini, kimefumbuka kama wenzake. Hicho Mapezi hakukileta. Kimezaliwa hapa.

Nikamtangazia. Akarudia mara mbili, kisha akanikabidhi kalamu na kunionyesha zile safu, ambazo tangu Machi sijazijaza.

Usomaji Uliopita: 24

Usomaji wa Sasa: 25